Tusigombanie shaba ya Askari, tudai majina

Mwezi Februari 2025 Mahakama Kuu ya Uganda iliiamuru mamlaka ya jiji la Kampala kuondoa majina ya watawala wa kikoloni kwenye mitaa, pamoja na kumbukumbu zao katika maeneo ya umma. Niliufurahia uamuzi ule na bado naufurahia. Kanali Colvile, aliyeongoza vita vya kuiteketeza Bunyoro mwaka 1893 na 1894, hakuwa na haki yoyote ya kuendelea kuwaelekeza wajukuu wa Wanyoro njia ya kwenda kazini. Ila hoja hiyo ilipovuka Mtukula na kuingia kwetu ilibadilika sura. Sasa naisikia vijiweni kwamba zamu imemfikia Askari, yule wa shaba aliyesimama katikati ya Dar es Salaam, kwenye kipilefti cha Samora na Azikiwe, kwa kuwa naye ni mabaki ya Mwingereza. Wanaopinga hujibu upesi kwamba sanamu ni urithi, ni nembo ya jiji, watalii wanaipenda, basi iachwe. Mimi naona pande zote mbili zinagombania shaba, na ugomvi huo unamfaa zaidi yule anayedaiwa. Sanamu ile ina maneno chini yake. Maneno hayo ni ahadi iliyotolewa kwa jina la serikali, na wenye serikali hawakuitimiza. Ukiing'oa sanamu, deni linabaki. Ukiisugua ikang'aa, deni linabaki vilevile.

Anayetaka kumwona Askari kwa karibu lazima kwanza apambane na magari, maana kipilefti hakikujengwa kwa ajili ya mwenda kwa miguu mwenye nia ya kusimama na kusoma. Wengi humwona kupitia dirisha la daladala, ikiwa wanamwona. Ukishavuka unamkuta juu ya msingi wa mawe, mwili umeegemea mbele kama anayesogea, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Aliyemchonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Shaba ikamiminwa London, sanamu ikaonyeshwa huko kabla ya kupakiwa melini, na mwaka 1927 ikazinduliwa hapa. Wazee wa mjini humwita Bismini. Kwenye msingi kuna maandishi kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, nayo yanasema kwamba huu ni ukumbusho wa askari Waafrika waliopigana, wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa wengine wote waliomtumikia mfalme na nchi yao wakafa katika Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918. Kisha inafuata ile sentensi ninayoiita ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Nairobi na Mombasa zipo sanamu ndugu, za miaka ile ile na za mchongaji yule yule. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mpagazi ni mmoja wao, amesimama usawa mmoja na wenye bunduki. Ya Dar es Salaam ina askari peke yake juu. Mpagazi kaachwa chini, kwenye msingi.

Kwa wanaodhani kuangusha sanamu ni fikra mpya, jiji hili lilishalifanya jambo hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na waliolifanya ni Waingereza. Wajerumani walikuwa wamemsimamisha Hermann von Wissmann, mtu aliyetumwa kuzima vita vya pwani na ambaye wakati wake Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Katika sanamu hiyo Wissmann alisimama juu, na chini ya miguu yake aliwekwa askari Mwafrika akimtazama huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam, Septemba 1916, walimshusha wakampeleka London kama nyara. Baadaye akarudishwa kwao Hamburg, akasimamishwa mbele ya chuo kikuu, hadi wanafunzi walipomwangusha mwaka 1967, akarudishwa, wakamwangusha tena mwaka 1968. Hakuna aliyelia hapa, wala hakukuwa na sababu ya kulia. Lakini tazama kilichobadilika kati ya sanamu ya kwanza na ya pili: bwana aliondolewa juu, na yule Mwafrika aliyekuwa miguuni pake akapandishwa. Anayetaka kumshusha Askari kwa hoja iliyomshusha Wissmann inabidi aeleze kwanza kwa nini aliyekuwa mtumishi ahukumiwe sawasawa na bwana.

Ili kuelewa ukubwa wa deni, lazima tuiangalie hesabu ya mizigo. Vita hivyo vilianza Agosti 1914 na huku kwetu vilimalizika wiki mbili baada ya Ulaya kuweka silaha chini, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliposalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Njia za reli zilikuwa chache, barabara za magari ziligeuka tope kila masika, na farasi na maksai walikufa kwa ndorobo kwa maelfu. Kilichobaki ni mgongo wa binadamu. Mpagazi alibeba karibu kilo 25. Tuseme anakula kilo moja kwa siku: akitembea siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, ameshakula kilo 24 za mzigo wake mwenyewe na jeshi limebakiwa na kilo moja tu. Kwa hiyo kila jeshi liliposogea mbali zaidi na reli, watu waliohitajika hawakuongezeka kidogo kidogo, waliongezeka marudufu, na waliokuwa nyuma ya mstari walilishwa pungufu ili walio mbele wale. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia karibu watu milioni moja katika kazi hiyo, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Zanzibar na kila pembe ya Tanganyika iliyotekwa. Wabelgiji walikuja Tabora na wapagazi wao kutoka Kongo. Wajerumani walikuwa na wao, waliochukuliwa vijijini kwa nguvu na mara nyingi bila malipo. Katika upande wa Waingereza, hesabu zao wenyewe za wapagazi waliokufa zilikaribia laki moja, na wanahistoria wengi huziona kuwa pungufu. Risasi iliwaua wachache. Kuhara damu, nimonia, malaria na unga ulioliwa haujaiva ndivyo vilivyowamaliza.

Na hao ni waliohesabiwa. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalipita yakichukua watu, ng'ombe na nafaka, iliingia kwenye njaa iliyoitwa Mtunya kuanzia 1917, na inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Ukifika Dodoma leo hukuti jiwe lolote la London kwa ajili yao. Sisemi sanamu ya Askari iwabebe na hao pia. Nasema tu kwamba tunapozungumzia vita hivi kana kwamba ni habari ya wanajeshi, tumeshakubali mchoro wa mtu mwingine.

Sasa turudi kwenye ile sentensi. Aliyeiandika ni Rudyard Kipling, mwandishi na mshairi Mwingereza, mshauri wa maneno wa Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita, chombo kilichoundwa mwaka 1917 na ambacho leo kinaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Mwanawe, John, alipotea vitani huko Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na baba alikufa mwaka 1936 bila kulijua kaburi la mwanawe. Hakuna mtu aliyejua kuliko yeye uchungu wa kukosa mahali pa kuweka jina. Kwa wafu wa Ulaya, Tume ilijiwekea kanuni iliyo safi kabisa: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, kwenye jiwe la kaburi lake au, kama kaburi halijulikani, kwenye ukuta wa majina, bila kutofautisha cheo, rangi wala dini. Kipling huyo huyo ndiye aliyependekeza maneno ya Biblia yanayosomeka kwenye makaburi hayo, kwamba jina lao laishi milele. Linganisha na ya Dar es Salaam. Kule Ufaransa aliyebeba jukumu la kukumbuka ni dola, kwa mafundi, madaftari na bajeti. Hapa jukumu limetupwa kwa watoto. Watoto wako watalikumbuka jina lako, maana yake sisi hatutaliandika. Kijana wa Kigogo aliyekufa kwa kuhara kando ya mto Rufiji hakuwa na mtoto pale wa kumkumbuka, na wa nyumbani hakuambiwa alikufa lini wala wapi. Aliyejua alikuwa karani wa jeshi.

Huo haukuwa usahaulifu. Ulikuwa uamuzi, na nyaraka zake zipo. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilichapisha ripoti ya kamati maalumu iliyochunguza jinsi ilivyowabagua wafu wake. Kamati ilikadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika Mashariki na Magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hao wa kundi la pili wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Barua za miaka ya 1920 zinaonyesha maofisa wakikubaliana kwamba wenyeji wa huku ni nusu washenzi, jiwe la kaburi haliwahusu. Zinaonyesha pia mkuu wa serikali ya Tanganyika akitaka makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi pori upesi iwezekanavyo. Aprili 2021 waziri wa ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Gazeti zetu ziliandika habari hiyo siku moja mbili, kisha tukarudi kwenye mambo yetu. Sanamu yetu, kumbe, ilikuwa ndiyo mbadala wa majina yale: shaba moja kwa watu laki moja, iwe imetosha.

Hoja ya kuiondoa ina upande wenye nguvu, na sipendi kuipita juu juu. Askari Mwafrika wa jeshi la kikoloni hakuwa mtu wa heri kwa kila aliyekutana naye. Askari wa Wajerumani ndio waliozima Majimaji kwa kuchoma maghala na mashamba, na hiyo njaa ndiyo iliyoua wengi kuliko bunduki. Ndio waliosimama ulinzi Songea tarehe 27 Februari 1906 wakati wapiganaji 67 wa Kingoni wakinyongwa. Wenzao wa upande wa Uingereza, King's African Rifles, nao waliteka nchi za watu kabla ya 1914 na waliendelea kutumwa dhidi ya watu baada ya 1918. Mjukuu wa aliyenyongwa Songea akiniuliza kwa nini nimsimamie mwenye bunduki katikati ya jiji, sina jibu la kumfunga mdomo. Ninachoweza kumwambia ni kwamba kuna tofauti kati ya kumtukuza mtu na kumwombolezea, na kwamba maneno ya msingi ule, pamoja na unafiki wake wote, ni ya msiba. Na pia kwamba historia ya watu hawa haikuishia kambini. Kleist Sykes alikuwa askari wa Wajerumani katika vita hivyo, na baba yake aliletwa huku kutoka Msumbiji kama askari wa Wissmann. Mwaka 1929 Kleist huyo huyo alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association hapa Dar es Salaam. Wanawe, Abdulwahid na Ally, walipigana Burma katika vita vya pili, wakarudi wakawa mstari wa mbele katika chama kilichozaa TANU. Ukitaka kukata mti wa vibaraka mpaka kwenye mzizi, utajikuta umeshika shoka juu ya uhuru wenyewe.

Neno kibaraka, zaidi ya hapo, halimgusi mpagazi hata kidogo, na mpagazi ndiye aliyekufa kwa wingi. Kenya ilitungwa sheria mwaka 1915 ya kuwashurutisha watu kuingia kazi hiyo, na mwaka 1917 ukapita msako mkubwa uliosimamiwa na John Ainsworth. Machifu walipangiwa idadi, na aliyekimbia alisakwa. Huku Tanganyika jumbe alipewa idadi ya vichwa, na kijiji kilichokaidi kilijuta. Kumwita mtu aliyefungwa kamba na kutwikwa sanduku la risasi kuwa ni mshirika wa mkoloni ni kumdhulumu mara ya pili. Mshahara wenyewe alioahidiwa, rupia chache kwa mwezi, kwa maelfu waliokufa haukuwafikia ndugu zao kamwe.

Kwa wanaotaka sanamu iachwe kama ilivyo, hoja nyingi ni za kawaida na zina ukweli wake: ni kazi ya sanaa, ina umri, imekuwa alama ya jiji. Lakini nilimpeleka pale binamu yangu aliyekuja kutoka Mwanza, akapiga picha zake, nikamuuliza huyu ni nani. Akajibu, ni mwanajeshi wa Kagera. Alama ya jiji isiyosomeka na wenye jiji inafanya kazi ya nguzo ya taa. Basi hata anayeitetea sanamu kwa jina la historia ajue kwamba historia yenyewe haipo pale kwa anayepita. Ipo msingi wenye maneno yaliyochakaa na magari yanayozunguka.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ambayo kwa bahati mbaya huisikia kwa wasomi, ni hii: kwamba kuandika majina ya wafu kwenye mawe ni mila ya Wazungu, Waafrika tuna namna yetu ya kukumbuka, tunaita majina ya babu kwa watoto, tunatambika, hivyo tusilazimishe ukuta wa majina. Inavaa kanzu ya uzalendo, lakini ukiivua unakuta ndani yake ile ile barua ya miaka ya 1920. Ni kweli tunarithishana majina. Lakini tambiko linahitaji kujua nani amekufa. Matanga hayaanuliwi juu ya mtu ambaye pengine bado anatembea njiani. Zipo koo zilizokaa miaka zikimngoja kijana kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Na tukijiangalia wenyewe, pale ambapo uamuzi ulikuwa mikononi mwetu, tuliandika. Nenda Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya wapiganaji wetu wa vita vya Kagera. Hakuna aliyesema pale kwamba jina kwenye jiwe ni uzungu. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mkuki, ngao, upinde na mishale hukaa kwenye mnara mmoja na shada la maua, na hatuoni mgongano.

Karibu na hoja hiyo kuna nyingine, ya kwamba hata tukitaka, majina hayapo, yalikuwa mengi mno na watu hawakuandikishwa. Hii nayo haikubaliani na tabia ya utawala ule. Mpagazi aliandikishwa kwa sababu ilibidi alipwe, akapewa namba. Muda mfupi baada ya vita, Kenya ileile ilianza kuwavisha wanaume kipande shingoni, chenye jina na alama za vidole, na katika muda wa miaka kumi hivi vilitolewa kwa mamia ya maelfu. Serikali inayoweza kulijua jina la kila kibarua aliye hai ili asitoroke shambani haiwezi kutuambia kwamba kulijua jina la aliyekufa kazini kwake kuliishinda. Sehemu ya madaftari imepotea, hilo halina ubishi. Sehemu ipo, London, Nairobi na kwingineko, na Tume tangu 2021 inaendelea kuitafuta. Kuna pia vitabu ambavyo watafuta nyaraka za kijeshi hawavifikirii sana: rejesta za ubatizo na vifo za misheni za Masasi, Peramiho na Ugogo, na orodha za Zanzibar, ambako Askofu Frank Weston alikusanya kikosi cha wapagazi mwaka 1916 akaenda nao bara mwenyewe kama meja. Yeye alipata nishani na ametajwa vitabuni. Watu wake walitoka mitaa ya Ng'ambo na mashamba ya Unguja, na haiingii akilini kwamba hakuna hata karatasi moja iliyobaki.

Kwamba kazi hii inawezekana, mfano upo. Januari 2025 Tume ilizindua Cape Town ukumbusho wa zaidi ya watumishi 1,700 Weusi wa Afrika Kusini waliofanya kazi za jeshi bila silaha na kufa barani Afrika katika vita hivyo, kila mmoja na nguzo yake ya mti wa mvule, na jina lake. Afrika Kusini ilifika huko kwa sababu watu walichimba nyaraka, wakawatafuta ndugu, wakaibana Tume. Sisi ndio wenye msiba mkubwa zaidi wa kampeni hiyo na hatujawahi, kama nchi, kuomba kwa sauti inayosikika. Nahofia jambo moja: tukikaa kimya, siku moja tutaletewa ukumbusho uliokwisha kubuniwa London, mzuri, wenye bajeti, utakaozinduliwa na mgeni wa heshima chini ya hema jeupe, na tutakuwa tumerudia 1927 tukiwa na bendera yetu wenyewe. Kilicho kibaya katika sanamu ya Stevenson hakikuwa mkono wake. Mkono wake ulikuwa mzuri. Kibaya kilikuwa kwamba hakuna familia hata moja iliyoulizwa.

Matokeo ya hoja hii kwa sanamu yenyewe ni madogo kuliko watu wanavyotarajia. Askari abaki. Kipilefti kirekebishwe ili mtu aweze kusimama na kusoma bila kugongwa. Pembeni yake awekwe mpagazi, na kazi hiyo apewe mchongaji wa hapa, awe Mmakonde wa Mwenge au mhitimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi ashindanishwe hadharani. Yaandikwe maelezo mapya yanayosema wazi kwamba wapo pia waliokufa wakibebea Wajerumani, ambao maneno ya mfalme hayakuwahusu ingawa walitoka vijiji vile vile, pengine nyumba ile ile. Hapo Berlin nayo ina swali la kujibu. Rais Steinmeier aliomba msamaha Songea mnamo Novemba 2023 kwa ajili ya Majimaji. Wapagazi waliowabebea Wajerumani 1914 hadi 1918 hawajaombwa msamaha na mtu.

Lakini majina yenyewe yasirundikwe Dar es Salaam. Laki moja ya majina kwenye ukuta wa Samora ingekuwa kivutio, na wenye majina wasingeyaona. Yapelekwe wilayani: Dodoma, Morogoro, Songea, Masasi, Newala, Rungwe, Tabora, kila orodha pale ilipochukuliwa, kwenye uwanja wa boma au mbele ya soko, kwa maandishi ambayo mzee anaweza kuyapapasa kwa kidole. Kule ndiko kuna mtu atakayesimama na kusema huyu ni babu wa babu yangu, tulidhani alilowea Mombasa. Kule pia ndiko orodha itasahihishwa, maana karani Mwingereza aliandika majina yetu kwa masikio yake. Na mahali ambapo orodha haitapatikana, iandikwe idadi na jina la kijiji, bila kuficha kwamba majina yalikuwepo yakatupwa.

Mwaka 2027 Askari anatimiza miaka mia moja. Mwaka huo huo Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa hiyo nategemea rangi mpya, taa na bustani kwenye kipilefti kile, kama ilivyo desturi yetu wageni wanapokaribia. Hilo ni la jiji na halina ubaya. La wizara yenye dhamana ya malikale ni jingine: kuungana na wenzao wa Nairobi na Kampala, na kumwandikia mwenye madaftari barua moja ya nchi tatu, kudai nakala ya kila orodha ya askari na wapagazi wa Afrika Mashariki iliyokwisha kupatikana, hata kama ni majina 3,000 tu kati ya laki, zifunguliwe kwa umma kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa na zisambazwe wilayani. Gharama ya mawe ni ya Tume, kwa kanuni yake yenyewe ya tangu mwanzo. Kutafuta ndugu ni kazi yetu, na inaweza kuanza kabla barua haijajibiwa, kwa maafisa utamaduni wa wilaya kuzunguka na kalamu wakati bado wapo wazee waliosikia majina hayo midomoni mwa baba zao.